Marangu mpaka Kilwa nikifuata mikuki

Naandika hii kwa wenzangu wanaopenda vitu vya wazee wetu, hasa silaha. Kuna jambo linanikera muda mrefu, unaingia makumbusho unakuta mikuki imepangwa ukutani, mirefu kwa mifupi, mmoja bapa lake pana kuliko kiganja, mwingine mwembamba kabisa, halafu chini kibandiko kimoja tu kimeandikwa "mikuki", imeisha hiyo. Wakati kila mmoja pale umefuliwa kwa kazi yake, na mtu akijua kuangalia urefu wa mpini na upana wa bapa anajua kabisa mwenye nao alikuwa anapigana vipi, anarusha toka mbali au anamfuata mtu mpaka pumzi zinagusana. Na majina yapo, mengi tu, ila yanapotea. Ndo nkaamua kutoka Kilimanjaro nishuke kusini mpaka pwani, naangalia mikuki na kuuliza inaitwaje.

JUMAMOSI, MARANGU

Nlianzia kwa wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, maana huwezi kuongelea mkuki ukamruka aliyeufua. Wahunzi wa Kichagga wa huku wana jina toka enzi, zamani chuma kilikuwa kinatoka Upareni ambako watu walikuwa wanayeyusha wenyewe, huku wanafua, na mikuki mingi ilikuwa inashuka uwandani kwa Wamaasai. Siku hizi wanatumia springi za gari na chuma chakavu, ila kazi ni ile ile.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu, kaa huku, huko cheche zitakufikia."

Kijana mmoja alikuwa anavukuta, viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, mkono huu ukipanda ule unashuka ili upepo usikatike, makaa yanawaka mpaka yanakuwa meupe katikati. Babu akachomoa chuma kwa koleo, akakilaza juu ya fuawe, akaanza kukinyoosha. Bapa lenyewe lilitoka haraka kuliko nlivyodhani. Kilichochukua muda ni kitako, pale mti unapoingia. Hatoboi! Anakipondaponda kile kitako mpaka kinakuwa bati pana, halafu anakikunja pole pole, nyundo ndogo ndogo, anakizungusha mpaka kingo mbili zinakutana na kuwa bomba, na ule mstari wa makutano anauacha wazi, haungi. Nkamuuliza kwa nini asiunge kabisa. Akasema mti ukikauka unalegea, sasa bomba likiwa wazi unaligonga kidogo tu linabana tena, ukishaliunga umejifunga mwenyewe. Halafu akanishikisha bapa lililopoa nipitishe kidole katikati, kuna mgongo umeinuka toka shingoni mpaka kwenye ncha. Huo mgongo ndo siri, unafanya bapa liwe jembamba na jepesi lakini likigonga mfupa halipindi.

Kwa Kichagga mkuki ni ifumu. Hapo nlifurahi sana, maana pwani tunalo neno fumo, yani mkuki wa bapa pana, Waganda wanasema effumu, Wanyarwanda icumu, Wakikuyu itimũ. Ni neno moja la kale sana limetembea na watu na kugeuka geuka kila walipofika. Sisi tumeliacha mpaka wengi wanalijua kama jina la Fumo Liyongo tu, yule shujaa wa mashairi ya pwani.

Kwenye kona kulikuwa na mikuki midogo ya kuuzia watalii, inatengana vipande iingie kwenye begi. Wapo wanaoibeza, mi siibezi hata kidogo, ndo inayofanya huyo kijana aendelee kuvukuta badala ya kukimbilia mjini.

JUMAPILI, ARUSHA

Leo mkuki wa Kimaasai, eremet. Mzee mmoja alikubali kunifungulia wa kwake, yani kuufungua kweli, maana una sehemu tatu: bapa juu, kipande cha mti katikati, na chuma kirefu chini kinachoishia na ncha. Ukiutazama vizuri mti wenyewe ni mfupi sana, ni sehemu ya kushikia tu, kilichobaki chote ni chuma. Bapa jembamba refu linaweza kukaribia mita moja. Kumbe huu mtindo mrefu ni wa juzi juzi, mwishoni mwa karne ya 19, wa kabla yake ulikuwa na bapa fupi lenye umbo la jani na mti mrefu zaidi. Kwa hiyo hata huo tunaouona "wa asili" ulishabadilika, na watu wenyewe ndo waliubadilisha.

Chuma cha chini kina kazi mbili. Ya kwanza unausimika ardhini, mkuki haulazwi chini hovyo. Ya pili ni mizani, bila uzito ule nyuma bapa lingevuta mbele na mkuki ungeenda kichwa chini kabla haujafika. Mzee akauweka juu ya kidole kimoja pale kwenye mti ukatulia, hautikisiki.

"Sasa ukirusha," akasema, "hurushi mkono, unarusha mwili."

Nkamuuliza nani anafua, akasema wapo Ilkunono, wahunzi wao wenyewe, na zamani ilikuwa mwiko kuoana nao. Na lile tonge jeusi la manyoya ya mbuni linalochomekwa kwenye ncha lina maana yake, ni kuonyesha unakuja kwa amani. Nliupenda huo utaratibu, silaha ina namna yake ya kusema leo sina ubaya, na mtu anaisoma toka mbali kabla hata hamjasalimiana.

JUMATATU, BARABARANI

Basi la kwenda Dodoma kupitia Babati na Kondoa. Dirishani Mlima Hanang, huku ni kwa Wadatoga, watu wengine wa mikuki hasa, nao wana wahunzi wao. Ukienda upande wa Ziwa Eyasi unawakuta Wahadza ambao wao ni upinde na mishale, mkuki sio wao. Majirani kabisa hao, wengine wachungaji wanaolinda ng'ombe wao dhidi ya simba, wengine wawindaji wanaonyemelea msituni, na kila mmoja kashika kinachomfaa.

Njiani nkawa nawaza jinsi chuma kilivyo kigeni kwenye hii hadithi. Mkuki ulianza ni mti mtupu. Pale Clacton, Uingereza, mwaka 1911 ilipatikana ncha ya mkuki wa mti uliochongwa, inakadiriwa kuwa na miaka kama 400,000, na Schöningen Ujerumani kwenye miaka ya 1990 ikapatikana mikuki mizima ya mti pamoja na mifupa ya farasi. Yani kabla ya watu kama sisi, kuna viumbe walishakaa chini wakachagua mti ulionyooka, wakautoa magome, wakauchonga ncha. Ni vyombo vichache sana vya kazi vimekaa mkononi mwa binadamu muda mrefu hivo halafu bado unavitambua ukiviona.

JUMANNE, DODOMA

Nlilala hapa. Wagogo wanauita mgoha, na hilo neno nlilikuta tena mbele kwa Wahehe.

Jioni nkiwa nimekaa karibu na ofisi moja ya serikali nkawa naiangalia Nembo ya Taifa getini. Tumeizoea mpaka hatuioni. Katikati ya ngao kuna mkuki, na jembe na shoka vimepishana. Ukiondoa heshima ya nembo ukaangalia vyuma vyenyewe, vyote vitatu ni kitu kimoja: mti na chuma mwishoni. Ndo silaha nyingi za mpini mrefu zilivyozaliwa duniani, mkulima anachukua alichonacho anakiwekea mti mrefu zaidi. Waswisi wa karne ya 14 na 15 waliweka shoka na ncha ya mkuki na ndoano kwenye mpini mmoja mrefu, mtu wa miguu akawa anaweza kumvuta mwenye farasi akamshusha, na walinzi wa Kiswisi pale Vatikani wanaibeba mpaka leo kwenye sherehe. Jina la Kiswahili la kitu hicho silijui, mi nakiita shoka la mkuki na kila niliyemwambia hivo ameelewa. Wamakedonia wao walirefusha tu, sarisa yao ilifika mita 5 mpaka 6, inashikwa kwa mikono miwili, safu za nyuma zinapitisha ncha zao katikati ya mabega ya safu za mbele. Ndugu zetu Wakenya wao wameweka mikuki miwili na ngao kwenye bendera toka 1963.

Na Kongwa sio mbali na hapa, mkoa huu huu. Pale palikuwa na kambi ya wapiganaji wa ANC wa Afrika Kusini miaka ya 60. Jeshi lao lililoundwa 1961 waliliita Umkhonto we Sizwe, Mkuki wa Taifa, wakati wenyewe wanabeba bunduki na mabomu. Hilo neno umkhonto tutalikuta tena huko mbele.

JUMATANO NA ALHAMISI, IRINGA

Toka Dodoma unapita Mtera, bwawa lile, halafu unapanda mpaka baridi inaanza kuuma. "Kamwene!" ndo salamu ya huku kwa Wahehe. Hapa ndo nlipapania safari nzima.

Alhamisi asubuhi nlienda Lugalo, kandokando ya barabara ya kwenda Morogoro. Kuna mnara uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka watu wao. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski, mwenyewe wenyeji walimwita Nyundo, kilikuwa kinapita hapa kwa msururu, askari na wapagazi, bunduki na mizinga. Wahehe walikuwa wamejilaza kwenye majani na mawe pembeni ya njia. Mimi nilisimama pale nkajaribu kupima kwa macho, toka kwenye vichaka mpaka njiani ni hatua chache mno, na hapo ndo nlielewa kitu ambacho kwenye vitabu nlikuwa nakisoma tu. Bunduki ya wakati ule inataka nafasi, inataka mtu asimame, alenge, aweke risasi nyingine. Mkuki mfupi hautaki nafasi. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na majemadari wake hawakushinda kwa sababu ya ushujaa peke yake, japo ulikuwepo, walishinda kwa sababu walichagua umbali ambao silaha yao ina nguvu na ya mwenzao haina. Muda mfupi tu ikawa imekwisha, Zelewski mwenyewe kauawa kwa mkuki, na bunduki takriban 300 zikabaki mikononi mwa Wahehe.

Mchana nkachukua bajaji kwenda Kalenga, kwenye Makumbusho ya Mkwawa. Fuvu lake lipo pale kwenye kioo, lilirudishwa 1954 na gavana wa Kiingereza Twining baada ya miaka mingi Ujerumani. Watu wengi wanaenda kuliona hilo wanageuka. Mimi nlikaa zaidi kwenye silaha, mikuki na ngao na marungu, na yule kaka anayetembeza wageni alipoona nimeinama muda mrefu akaja tukaanza kuongea.

"Kaka, unaona hii na hii zinavyopishana?"

Mmoja mti mrefu mwembamba, bapa dogo, mwepesi, huo wa kurusha. Mwingine mti mfupi mnene, bapa pana zito, huo hautoki mkononi. Mpiganaji wa Kihehe alikuwa anabeba kadhaa ya ile myepesi pamoja na mmoja mzito. Anarusha anarusha akikaribia, adui anajikinga na ngao, halafu wa mwisho anaingia nao. Kwa Kiswahili hapo tuna maneno mawili yamekaa tu tayari, ule mwepesi wa kurusha ni sagai, ule wa bapa pana ni fumo. Nkamwambia, akayarudia mara mbili, akasema kuanzia kesho atawaambia wageni hivo. Kiukweli nlifurahi kuliko hata kuona fuvu.

Ila mnajua Kalenga iliishaje. Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaipiga ngome ya Mkwawa iliyokuwa hapo toka kilimani, na ngome ikaanguka. Safari hii umbali waliuchagua wao. Mkwawa akapigana porini mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe.

Swali nlilotoka nalo hapo: ule mkuki mfupi mzito Wahehe waliupata wapi? Jibu liko kusini.

IJUMAA, NJIANI

Makambako, Njombe, Songea. Mvua, ukungu, miti ya mbao kila upande. Nlilala safari karibu yote.

JUMAMOSI, SONGEA

Makumbusho ya Majimaji yapo Mahenge, hapa hapa mjini. Nje kuna sanamu za mashujaa na kaburi la pamoja la walionyongwa, tarehe 27 Februari 1906 ndo inayokumbukwa, kila mwaka watu wanakusanyika.

Wangoni ndo walioleta ule mkuki. Stori inaanzia Natal, Afrika Kusini, kwa Shaka aliyetawala Wazulu 1816 mpaka 1828. Kabla yake watu wa kule walikuwa wanarushiana mikuki myepesi toka mbali, ukisharusha umebaki mikono mitupu, na adui anaweza kuokota wa kwako akakurudishia. Shaka akasisitiza mti mfupi, bapa kubwa, na ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe, mtu asirushe, aende nao mpaka mwisho, na vikosi vipangwe kwa rika. Waliokimbia vita vya wakati ule walikimbia na ujuzi huo huo. Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, na watu wake walivuka Zambezi mwaka 1835 siku ambayo jua lilipatwa, wakapanda mpaka Ufipa ambako alifariki miaka ya 1840, halafu watu wakagawanyika, wengine wakashuka hapa Songea wakaanzisha dola za Njelu na Mshope.

Waliokuwa wanapigwa nao wakajifunza. Wasangu waliiga vikosi na mikuki, Wahehe wakapata kwa Wasangu na kwa Wangoni wenyewe, mpaka 1878 hadi 1882 Wahehe na Wangoni wanapigana hakuna mwenye kumshangaa mwenzake tena, wote wanajua mkuki mfupi. Kwa hiyo kile kilichotokea Lugalo 1891 mzizi wake uko maelfu ya kilomita kusini. Hata majina yanafanana, Wazulu umkhonto, ukifika Malawi kwa Kichewa ni mkondo.

Pale ndani nlisimama muda mrefu kwenye silaha za Majimaji, vita vya 1905 mpaka 1907. Mikuki, mishale, magobori. Upande wa pili kulikuwa na kitu ambacho wazee walikiita bombomu kwa mlio wake, bunduki ya mfululizo. Mahenge ile ya Ulanga, Agosti 1905, watu walipanda kwa maelfu kuelekea boma na zile bunduki zikafyeka. Siwezi kuandika hilo harakaharaka. Mtu mwenye mkuki anahitaji kufika, na pale hakuna aliyefika. Dawa ya maji, ile iliyosemwa itageuza risasi kuwa maji, iliahidi hasa kitu hicho kimoja, kwamba mtafika.

Na askari wa upande ule mwingine bunduki zao zilikuwa na singe. Singe ni kisu unachofunga mdomoni mwa bunduki, risasi zikiisha au adui akifika karibu unachoma. Yani wenye bunduki nao walibeba mkuki, wameuficha tu ndani ya bunduki.

Nlimuuliza dada wa makumbusho kama watoto wa shule wanaokuja wanauliza kuhusu aina za mikuki. Akasema wanauliza kimoja tu, kama ni ya kweli. Basi waambie ni ya kweli dada, na waambie ule mfupi haurushwi.

JUMAPILI, TUNDURU MPAKA MASASI

Lami sasa hivi, zamani hii barabara ilikuwa mateso. Nlilala Masasi. Hakuna la kuandika zaidi ya korosho kila upande.

JUMATATU NA JUMANNE, KILWA MASOKO

Kaskazini ya hapa, upande wa Rufiji, ndo alikotokea Kinjikitile wa Ngarambe, mwenye ile dawa ya maji, kwa hiyo mikuki ile ya Songea ilinyanyuliwa kwa maneno yaliyoanzia huko. Lakini mi nlikuja kutafuta mkuki ambao haujaenda makumbusho.

Bamvua, maji yametoka mbali kabisa, kinamama na wazee wamesambaa kwenye miamba wanachokoa pweza. Nlimfuata mama mmoja kwa ruhusa yake. Mkononi ana fimbo na nondo iliyochongwa ncha. Hana bapa kabisa. "Mwanangu, bapa la nini, utamkatakata pweza, nani atamnunua vipande." Anatafuta tundu, anaangalia mawe madogo na makombe yaliyorundikwa mdomoni, hapo pweza kala na kajifungia. Anachokonoa pole pole na fimbo mpaka mkono mmoja wa pweza unatoka kushika, halafu ile nondo inaingia mara moja tu, anasokota, anavuta. Kazi yote ni ya sekunde. Yani mbinu ni ile ile niliyoiona toka Iringa, umbali mfupi na kutoachia.

Jumanne nkakaa na mzee mvuvi pale forodhani, nkamtajia maneno moja moja.

"Fumo?"

"Fumo ni mkuki wa bapa. Babu yangu alikuwa nalo."

"Sagai?"

"Hiyo ya kurusha. Siku hizi mnasema mkuki tu."

"Na chusa je, mzee wangu?"

Hapo akainuka kabisa. Chusa ndo mkuki wa baharini, chuma chake kina ndoano asichomoke samaki, na kimefungwa kamba ndefu. Akanionyesha kwa kipande cha mti jinsi mrushaji anavyosimama mbele ya chombo, mguu mmoja umetangulia, kamba imekunjwa upande ambao haitamnasa mguu. Papa, taa, samaki wakubwa wote. Zamani na nguva na kasa, sasa hivi wanalindwa kisheria na akasema ni sawa kabisa maana nguva yeye hajamwona miaka mingi. Nkamuuliza mti wa chusa unatoka wapi, akataja mikoko, akasema sio kila mkoko, unatafuta uliokua mahali pamebanana ukalazimika kunyooka kutafuta jua, unaukausha kivulini, ukiukausha juani unapinda na ukishapinda hata ukiwa na chuma kizuri namna gani hautapiga ulipolenga. Babu wa Mamba alinifundisha chuma, huyu kanifundisha mti. Kesho alfajiri kaniambia nije akanionyeshe huko mikokoni anavyochagua.